Mishahara Miwili, Madeni Matano

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa wilaya za Tarime na Serengeti)



Inapozungumzwa habari ya kubana matumizi, aghalabu mawazo ya watu huelekea kwa maskini. Mkulima ambaye mvua imemkosa huambiwa abane matumizi, ingawa hana cha kubana. Mwenye mshahara mkubwa huachwa kando, kwa kudhaniwa kwamba shida yake si shida. Mazungumzo haya yanamhusu huyo anayeachwa kando: mume na mke, wote wawili wameajiriwa, wote wawili wana vyeo, nyumba yao ina bati jipya na gari uani, na bado tarehe 10 ya mwezi huwakuta wakichukua unga dukani kwa kuandikisha daftarini.

Nyumba za namna hiyo zipo Tarime mjini, zipo Mugumu, zipo Sirari na Nyamongo. Tena katika wilaya hizi mbili ipo sababu ya pekee inayozizidishia mzigo. Tangu mgodi wa North Mara ulipoanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, fedha ya mgodi imekuwa ikizunguka Nyamongo na kufika Tarime. Upande wa Serengeti ipo fedha ya utalii. Sirari ipo biashara ya mpakani na Isebania ya Kenya. Mtumishi hajilinganishi na mtumishi mwenzake tu. Bila kujua, hushindana katika kodi ya nyumba, mavazi na sherehe na mchimbaji aliyebahatika wiki iliyopita, na mfanyabiashara ambaye lori lake limevuka mpaka jana. Fedha ya watu hao huja kwa mafungu na huondoka kwa mafungu. Ya mtumishi huja kila mwezi, kiasi kile kile, kupitia benki ile ile, na hiyo ndiyo sababu mkopeshaji humpenda yeye kuliko hao wengine.

Na tuchukue mfano mmoja, wa hesabu tu. Mume ni mkuu wa sehemu katika halmashauri, mshahara wake shilingi 1,900,000. Mke ni mwalimu mwandamizi wa sekondari, mshahara wake shilingi 1,350,000. Jumla ni 3,250,000, fedha ambayo majirani zao hawajapata kuishika kwa pamoja. Lakini katika mshahara wa mume hutoka asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 3 ya bima ya afya, asilimia 2 ya chama cha wafanyakazi, kodi ya mapato ipatayo 369,500 kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani 285,000, kwa kuwa deni la chuo bado halijaisha. Inabaki 1,055,500. Mke alikwisha kumaliza deni la chuo. Baada ya makato mengine yeye hubakiwa na 1,002,250.

Sasa inakuja mikopo ya benki. Mume alikopa milioni 20 ili amalizie nyumba na kununua gari, kwa miaka 7. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, rejesho lake ni shilingi 386,000 hivi kila mwezi. Mke naye alikopa, na rejesho lake ni 480,000. Inayofika mkononi mwa wote wawili ni shilingi 1,191,000 na ushei. Katika kila shilingi tatu walizoandikiwa kazini, wanaiona moja na kidogo. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka theluthi moja ya mshahara wa mtumishi isiguswe na makato. Kinga hiyo ni njema, lakini watumishi wengi wameigeuza kuwa shabaha: wamekopa mpaka pale pale ambapo utaratibu unakataza kuendelea.

Na palipokatazwa ndipo mlango wa pili ulipofunguliwa. Mume huyu, siku ya msiba wa ukweni, alikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani akachukua milioni 2 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Wananchi wameipa mikopo hiyo jina lake halisi: kausha damu. Ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wenye leseni kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Lakini anayekopa usiku kwa mtu asiye na leseni hawezi kuamka asubuhi na kudai kikomo. Mkopeshaji amechukua kadi ya benki ya mume pamoja na namba yake ya siri. Mshahara ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine. Mke hajui. Anajua tu kwamba siku hizi mumewe husema kadi imepotea.

Hapo ndipo penye kidonda. Watu wengi wanapohubiri kubana matumizi huanza na sukari, sabuni na vocha ya simu. Nyumba hii ikiacha sukari kabisa itaokoa labda shilingi 15,000, na watoto watalalamika. Mkopo wa kausha damu unaichukulia shilingi 200,000 kila mwezi kwa riba peke yake, na ile milioni 2 ya asili inabaki pale pale kama jiwe. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kupunguza kitu chochote jikoni. Hatua ya kwanza ni jioni moja, watoto wakiwa wamelala, hati mbili za mshahara na kila karatasi ya deni viwekwe juu ya meza moja, pamoja na deni la daftari la dukani. Ni jioni ngumu. Katika desturi za nyumba nyingi za Mara, mume hasemi aibu yake mbele ya mkewe, na mke naye huwa na fedha yake ya kikoba ambayo mume haijui. Lakini hakuna hesabu inayoweza kufanyika iwapo nusu ya tarakimu zimefichwa.

Yakishawekwa mezani, madeni yapangwe kwa ukali wa riba, si kwa ukubwa wa jumla. Deni la milioni 20 linatisha kwa jina, lakini riba yake kwa mwezi ni shilingi moja na robo katika kila 100. La milioni 2 linadai shilingi 10 katika kila 100. Ndilo la kuuawa kwanza.

Kwa nini? Na kwa kitu gani? Hapa yafaa kusema jambo ambalo baadhi ya wasikilizaji hawatalipenda. Mume huyu ana ng'ombe tisa katika boma la baba yake, na hakuna hata siku moja iliyompitia akilini kwamba ng'ombe hao ni mali inayoweza kulipa deni. Kwa Mkurya, kwa Mngoreme, kwa Mwikoma, ng'ombe ni mahari ya mtoto wa kiume, ni heshima mbele ya wazee, ni akiba ya siku ya msiba. Heshima hiyo si ya kubezwa. Ng'ombe walikuwa benki ya nchi hii kabla ya benki kufika. Lakini benki ni ya kutolea pia. Tuseme ng'ombe mmoja mnadani anauzwa 700,000. Riba ya kausha damu kwa mwaka ni 2,400,000. Maana yake deni hilo linachinja ng'ombe watatu na zaidi kila mwaka, kimya kimya, bila mtu yeyote kula nyama. Ng'ombe jike mzuri huzaa ndama mmoja kwa mwaka, akijaliwa. Watatu wakiuzwa leo, deni linakwisha leo, kadi inarudi, na sita wanabaki bomani. Mzee atakayeuliza sababu aelezwe hesabu hiyo hiyo. Wazee wa wilaya hizi wanajua kuhesabu ng'ombe kuliko mtaalamu yeyote wa uchumi.

Deni hilo likiondoka, nyumba inakuwa na shilingi 1,191,000 kamili. Sasa yatazamwe matumizi makubwa, kila moja kwa jina lake.

Gari linakunywa lita 15 kwa wiki. Hata kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni karibu shilingi 200,000 kwa mwezi, kabla ya matairi na fundi. Ofisi ya halmashauri iko mwendo wa nusu saa kwa miguu, na shule ya mke iko karibu zaidi. Gari hilo likibaki uani siku za kazi, likatoka siku ya mgonjwa na siku ya safari, zaidi ya nusu ya fedha hiyo inarudi. Wapo watakaoona aibu kutembea mbele ya wanafunzi. Walimu waliojenga shule za Mara walitembea.

Ada za watoto wawili katika shule ya bweni ya mchepuo wa Kiingereza ni milioni 3 na laki 6 kwa mwaka, sawa na 300,000 kila mwezi. Suala hili ni zito kwa mwalimu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Ada zimefutwa katika shule za serikali tangu mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Mwalimu anayefundisha watoto wa wenzake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakopa ili watoto wake wafundishwe na mwingine, anatoa ushahidi fulani juu ya kazi yake. Huenda ana sababu: madarasa yamejaa, vitabu havitoshi. Hata hivyo hakuna sababu inayoweza kuhalalisha ada ya bweni kulipwa kwa fedha ya kausha damu.

Michango ya harusi na sherehe nayo ina njia yake ya kuingia. Kadi moja ni 50,000, na mwezi wa Desemba kadi huja kama nzige. Hapa si lazima mtu akatae. Atoe kiasi alichopanga kwa mwezi, na kikiisha aseme kimekwisha. Msiba ni jambo jingine, na hakuna anayeshauri mtu abanie msiba.

Chakula ndicho cha kuchekesha kidogo. Nyanda za juu za Tarime hutoa mahindi, ndizi na viazi. Serengeti hutoa mahindi, mtama, ulezi na mihogo. Wakati wa mavuno mkulima huuza gunia kwa bei ya kuhuzunisha kwa sababu anahitaji fedha siku ile. Mtumishi, aliye katikati ya mavuno hayo, hununua unga wa kilo mbili mbili dukani, kwa mkopo, kwa bei ya mwenye duka. Magunia sita yakinunuliwa msimu wa mavuno na kutiwa katika mifuko isiyopitisha hewa ili kuepuka dumuzi, nyumba imekwishalipa ugali wa mwaka, na daftari la dukani linafungwa.

Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Yeye alikuwa mtu wa Butiama, katika mkoa huu huu, na alianza na mshahara mkubwa kuliko yote kabla hajagusa mdogo. Katika nyumba yenye madeni mpango ni huo huo: gari, ada na heshima za mtaani hutangulia, na posho ya msichana wa kazi huja mwisho kabisa, kama itabidi kuguswa. Nyumba nyingi hufanya kinyume.

Limebaki la benki. Mkopo wa milioni 20 uliotajwa, baada ya miaka miwili ya kulipa bila kukosa, mume atakuwa amekwisha kutoa zaidi ya milioni 9. Lakini deni lenyewe litakuwa limepungua kwa chini ya milioni 4, kwa kuwa marejesho ya mwanzo hubeba riba kuliko mtaji. Ni katika mwezi huo huo wa 24 ambapo ofisa wa mikopo hupiga simu kwa sauti ya upole akieleza kwamba mteja sasa anastahili kuongezewa. Anayekubali huanza upya miaka 7, akirudi katika ile miezi ya mwanzo yenye riba nzito. Wapo watumishi waliokwisha kuongezewa mara nne, na watastaafu kabla ya kuanza kulipa mtaji kwa maana halisi.

Fomu hiyo ya kuongezewa mkopo italetwa tena katika vyumba vya walimu vya Tarime na Mugumu, pengine mwisho wa mwezi huu, pamoja na kalamu ya bure. Ni karatasi ya kurasa chache, na sehemu ya saini imewekewa alama ya msalaba. Mtumishi aipokee, aikunje, aende nayo nyumbani, na aiweke juu ya ile meza yenye hati mbili za mshahara, mwenzake aisome kwanza.