MAJI YA MERU NA TAA ZA VISIWANI




Huenda mtu akauliza: sisi watu wa visiwani, tusiokuwa na mto mkubwa, tuna haja gani na habari za mito ya Arusha? Jawabu imo katika taa za majumbani mwetu. Unguja tangu mwaka 1980, na Pemba tangu mwaka 2010, zinapata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Miongoni mwa vituo vinavyolisha gridi hiyo ni vile vya Bonde la Mto Pangani: Hale, Nyumba ya Mungu na Pangani Mpya, cha megawati 68, kilichoanza mwaka 1995.

Maji ya bonde hilo hutoka Kilimanjaro na Meru. Msitu wa Meru hupokea mvua na ukungu, udongo ukayanywa maji taratibu na kuyatoa katika chemchem wakati wa kiangazi. Huko ndiko huanza Themi, unaokatiza mji wa Arusha, na Nduruma, Usa na Maji ya Chai. Mito hiyo huishia Kikuletwa, na Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu.

Lakini ardhi imebadilika. Sehemu za msitu zimekuwa mashamba. Mashamba ya kahawa na migomba yamekuwa viwanja vya nyumba. Mvua ikianguka juu ya bati na lami haizami ardhini, bali huteremka kwa kishindo na kuchukua udongo. Matokeo yake ni mafuriko wakati wa masika na uhaba wakati wa kiangazi. Hapo wakulima wa mifereji na wafugaji hugombea maji hayo hayo yanayongojewa na mitambo ya umeme. Na huko Pangani, mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini.

Sheria ya Mazingira ya Bara ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mito. Hata hivyo, sheria pekee haioteshi mti.

Nasi tujitazame. Maji yetu ni mvua iliyozama ardhini. Chemchem za Bububu, ambazo Sayyid Barghash alizivutia mabomba hadi mjini katika karne ya 19, zinategemea ardhi iliyo wazi kupokea mvua. Anayejenga katika eneo la chanzo cha maji mara nyingi si mhalifu. Ni mzazi anayetafuta pa kuwaweka watoto wake. Lakini choo anachokichimba hapo kitawafikia watoto hao hao kwa njia ya kisima.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kiwanja, muulizeni Sheha na Mamlaka ya Maji. Mtume (S.A.W.) ametukataza israfu ya maji hata tunapotawadha mtoni, seuze kukiharibu chanzo chenyewe.