Koki ya Chini Inapovuja: Mazungumzo na Wenye Kompresa za Nyumbani, Bariadi



Katika mkoa wetu, baiskeli na bodaboda hazifiki mnadani wala shambani bila upepo. Ndiyo maana kompresa ndogo imeingia hadi uani mwa nyumba: hapa yajaza tairi, pale yapuliza rangi, kwingine yapeperusha vumbi mashineni. Leo nakusudia kuzungumzia kifaa chake kinachosahauliwa kuliko vyote, yaani koki iliyo chini ya tangi.

Hewa tuivutayo ina mvuke wa maji. Kompresa inapoikandamiza, kisha hewa hiyo ikapoa ndani ya tangi, mvuke hugeuka matone na kutuama chini. Wakati wa mvua maji hayo huongezeka. Yasipotolewa, hula chuma kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Koki imewekwa ili maji yatolewe kila baada ya kazi. Nayo ikianza kuvuja, haifai kupuuzwa wala kutengenezwa kwa pupa.

Dalili zake ni tatu. Utasikia mlio mwembamba chini ya tangi. Mshale wa geji utashuka ingawa hakuna anayetumia upepo. Tena mota itajiwasha mara kwa mara, na uniti za umeme zitakwisha bila kazi ya kuonekana. Ili kuthibitisha, paka povu la sabuni kuizunguka koki, kisha tazama mapovu yanapochomoza.

Kabla ya kushika spana, kumbukeni jambo hili. Tangi lenye presha ya baa 8 husukumwa na nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8 katika kila sentimita moja ya mraba. Koki iliyofunguliwa nyuzi zake huku tangi likiwa na upepo huruka kama risasi. Kwa hiyo, zima mashine na uchomoe plagi. Toa upepo wote mpaka geji isome sifuri. Wala usiiamini geji peke yake, kwa kuwa mshale huweza kukwama; acha koki wazi hadi usisikie sauti yoyote. Ikiwa koki imeziba kwa kutu, usiilazimishe: toa upepo kupitia mpira wa kujazia au kwa kuvuta pete ya valvu ya usalama.

Baada ya hapo, fuata mahali mapovu yalipotokea.

Yakiwa yametoka kwenye nyuzi, pale koki inapoingia tangini, ifungue, safisha nyuzi za pande zote mbili kwa brashi, kisha zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tatu au nne, kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Acha uzi wa kwanza bila tepu ili vipande visiingie ndani. Irudishe kwa mkono, kisha malizia kwa spana bila kukaza mno, kwa maana shaba ni laini na hupasuka.

Yakiwa yametoka mdomoni mwa koki iliyofungwa, huenda chembe za kutu zimekaa kwenye raba yake. Ioshe na kuifuta. Ikiwa raba imekatika, nunua koki mpya. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, kwa sababu koki mbili za robo inchi zaweza kufanana kwa macho, kumbe moja ina nyuzi 19 kwa inchi na nyingine 18. Ukilazimisha isiyolingana, utaharibu nyuzi za tangi lenyewe.

Ukimaliza, jaza upepo kidogo kwanza, paka povu tena, kisha ndipo ujaze hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mashine.

Lakini mapovu yakiwa yametoka kwenye bati la tangi, hapo kazi imekwisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tangi la upepo halimo katika methali hiyo. Usilichomelee, usilifunge kwa mpira wa tyubu, usilizibe kwa gundi. Tundu moja huonyesha kwamba kutu imekwisha kula sehemu kubwa usiyoiona, na tangi kama hilo laweza kupasuka mbele ya mtoto aliyeleta baiskeli yake kujazwa upepo. Litoe katika matumizi, tena litoboe ili mwingine asilinunue kama zima. Hasara ya tangi hulipika. Jicho au uhai haulipiki.

Mwisho, haki yako. Unaponunua kompresa, dai risiti na hati ya dhamana, na uvihifadhi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa kazi iliyokusudiwa. Koki ikivuja ndani ya muda wa dhamana, usiifungue mwenyewe. Irudishe dukani pamoja na risiti. Ukikataliwa bila sababu, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ukitilia shaka ubora wa bidhaa, wasiliana na Shirika la Viwango Tanzania.

Ndugu zangu, jioni ya leo, kabla ya kulala, inameni chini ya tangi na kufungua koki. Maji yakitoka na vipande vya kutu, msingoje mlio wa kuvuja. Mwiteni fundi anayeaminika alikague tangi kabla halijajazwa tena.