Maji ya Moto kwa Mtu wa Reli

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Sachangwan)



Sisi wa genge la reli twaijua baridi ya Sachangwan. Kutwa twainua mataruma na kushindilia kokoto. Jioni mgongo haupindi, asubuhi vidole havishiki koleo. Leo twasema juu ya dawa isiyouzwa dukani, nayo ni maji ya moto.

Joto hupanua mishipa ya damu. Damu hufika kwa wingi katika misuli, misuli ikalegea na maumivu yakapungua. Kule Olkaria lilifunguliwa bwawa la kuogea maji ya moto ya ardhini mwaka 2013, na watu hulipa waingie. Sisi yatutosha karai au pipa. Maji yawe ya joto la mwili au kuzidi kidogo, yasiunguze. Kaa dakika 15, inuka polepole usije ukashikwa na kizunguzungu, kisha unywe maji.

Lakini joto si dawa ya kila jambo. Mguu ulioteguka leo na kuvimba, uwekee kitambaa cha maji baridi siku mbili za kwanza. Mwenye ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito, na waulize daktari kwanza. Aliyelewa asiingie. Tena, ndugu, msiingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini. Wala maji ya moto si badala ya chakula na kulala.

Sasa twauliza: nani alipe kuni? Hivi leo zatoka katika mshahara wetu. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1926 ilitoza mapato ya wenye ardhi ya makaa ya mawe, ili wachimbaji wajengewe mabafu penye migodi. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kazi aweke mahali pafaapo pa kunawia. Haikutaja bafu la moto. Hilo hatuna budi kulidai wenyewe.

Basi twaomba tawi liandike barua, sote tutie sahihi: chumba kimoja cha kuogea, tangi la kupashia maji, na kuni. Jasho ni la kazi. Maji ya kuliosha nayo yawe ya kazi.