Pima volani mbele ya kukata ngozi

Bamama na bandugu tuliorudi, na ninyi wafadhili muliotupatia mashini, muniskilize kidogo. Kifuniko kikiteleza mukononi mwa dereva kwenye makona ya barabara ya Beni, ni hatari. Akikirudisha, ngozi imepotea, na mama aliyekishona hana kitu siku ile.

Basi musipime kwa macho. Muweke mita toka ukingo wa inje mpaka wa ngambo, ikipita katikati. Motokari ndogo nyingi ni karibu 38 cm. Fuso ni kubwa zaidi. Kama katikati pameinuka, zungusha kamba inje, uipime, ugawanye kwa 3,14: 119 inatoa karibu 38. Pima na unene wa pale mukono unashika; wengi wanausahau. Ngozi ikatwe fupi kidogo, uzi uivute. Kile kinachoingia bila kuvutwa, musiuze.