Maji Tusiyoyaona: Kutoka Msitu wa Arabuko-Sokoke Hadi Mida

(Mazungumzo kwa vijana na wazazi, kuelekea siku za Idi)



Leo sitawapeleka mbali. Nataka tutazame kipande kidogo tu cha pwani yetu: pale kati ya Watamu, Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke, huko Kilifi. Wengi wetu tunapapita. Matatu ya Malindi inaambaa na msitu, mtu kainamia simu, akija kuinua macho ashafika Gede. Idi ikifika tunakwenda Watamu, tunaoga, tunapiga picha, tunarudi. Ukiulizwa umeona nini, jibu ni mchanga na maji.

Sasa nina swali. Pale Mida bahari imeingia bara, ikafanya hori kubwa lililozungukwa na mikoko. Hebu niambieni, ni mto gani unaomwagikia Mida? Msiseme Sabaki, Sabaki inaingia baharini huko kaskazini ya Malindi. Ukweli ni kwamba hakuna mto wa kudumu hata mmoja. Na mikoko, ingawa inavumilia chumvi, inastawi zaidi ikipata na maji matamu. Basi maji hayo yanatoka wapi?

Jibu liko chini ya miguu yetu. Jiwe hili la pwani, tunalochongea nyumba na kuchomea chokaa, lilikuwa na uhai. Ni matumbawe. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na viumbe wadogo wa matumbawe wakajenga mwamba wao chini ya maji, kama ule tunaouona leo mbele ya Watamu. Bahari iliporudi chini, mwamba ukabaki nchi kavu. Mji wa Mombasa umekaa juu yake. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama juu ya jiwe hilo na kujengwa kwa jiwe hilo hilo. Ukitazama ukuta wa zamani uliobanduka lipu, utaona bado maumbo ya matumbawe yenyewe, mengine kama ubongo, mengine kama asali kwenye sega.

Jiwe hili lina matundu. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu, yanazama. Huko chini yanakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka upande wa pili, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Kisima cha busara kinafika kwenye yale matamu na kukomea hapo. Ukichimba mno, au ukavuta kwa pampu mchana na usiku, chumvi inapanda. Wanaokaa karibu na ufuo hawahitaji kufundishwa hili na mimi. Chai yao imeshawafundisha.

Gede walilijua. Mji ule wa Waislamu ulikuwa na msikiti mkubwa, nyumba ya mfalme, vyoo, na visima kila upande. Kuna kaburi pale lililoandikwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. James Kirkman alipoanza kuchimbua magofu mwaka 1948 alipata vyombo vya kaure kutoka Uchina na shanga za kigeni. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini katika karne ya 17 ulihamwa. Watu wanataja vita na mashambulizi kutoka bara, na huenda ni kweli. Wanataja pia maji: kisima cha msikiti mkubwa kinaonyesha kiliwahi kuchimbwa kwenda chini zaidi. Watu hawaongezi kina cha kisima kwa kupenda. Mimi nikisimama pale, huwa natazama kisima kabla ya mihrabu, mnisamehe wazee wangu.

Watu walipoondoka, msitu ulirudi. Leo miti mikubwa imekumbatia kuta na kima wanarukaruka juu ya makaburi. Ukivuka barabara kuu, unaukuta msitu wenyewe, Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi. Ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki.

Nasema msitu mmoja, lakini ingia uone, ni mitatu. Upande wa mashariki, wenye mvua nyingi zaidi, kuna mchanganyiko wa miti mingi, na ndani yake mbambakofi, ule uliotoa milango ya kuchonga ya miji yetu. Umekatwa sana, mkubwa kuupata ni bahati. Katikati mchanga unakuwa mweupe, hauna rutuba, na hapo panatawala mrihi, miti iliyoachana, mwanga unapita. Magharibi udongo unageuka mwekundu, mvua inapungua hadi kama milimita 600 kwa mwaka, na miti inabana mpaka hupiti. Mtu anayejua, ukimfunga macho ukampeleka, akigusa tu mchanga atakwambia yuko wapi.

Kwenye ule wekundu anaishi bundi mdogo, urefu wake haufiki hata rula ya shule, anayejulikana duniani kwa jina la Sokoke. Nje ya hapa amepatikana pia kwenye misitu ya chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Na chini ya majani makavu kuna sange mwenye matako ya dhahabu. Msicheke, ndivyo alivyo. Mkubwa kuliko panya, pua ndefu inayochezacheza, nyuma ana kiraka cha manjano kinachong'aa. Adui akimkimbiza anakilenga kile kiraka, na ngozi ya mahali pale ni nene kuliko kwengineko, basi anaponyoka. Karibu wote waliobaki duniani wako ndani ya msitu huu. Wazungu wanapanda ndege kuja kumtafuta, na sisi tuliozaliwa hapa tuko kwenye matatu tumeinamia simu.

Sasa rudini kwenye swali langu. Mvua inayonyesha juu ya msitu, nyingi inaanguka kwenye majani, inatulia, inazama mchangani. Kisha inasafiri polepole chini kwa chini, kuelekea baharini, na sehemu yake inatokea Mida. Ndio mto wenyewe huo. Haukuandikwa kwenye ramani kwa sababu haupiti juu.

Mikoko inausubiri. Nyinyi mnasema mikoko tu, lakini wazee walikuwa na jina kwa kila mti. Mlilana unatangulia mbele, unapokea mawimbi; mafundi wa majahazi waliutafutia mataruma. Mkoko wenyewe una mizizi kama miguu ya buibui, na mbegu yake inachipua ingali juu ya mti, kisha inajidondosha kama mkuki matopeni. Huo ndio uliotoa boriti, na vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba, kiasi cha mita tatu, kwa sababu boriti haikufika zaidi. Boriti hizo zilipanda majahazi hadi Ghuba, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Mkandaa una gome la kutia rangi. Mchu unatoa chumvi kwenye majani. Lamba jani uone.

Kati ya mizizi ile wanakulia kaa, kamba na samaki wadogo ambao wakikua wanatoka kwenda mwambani. Mvuvi wa Watamu anayevua changu nje, samaki wake huenda alianza maisha yake kwenye topo la Mida, na topo la Mida linalishwa na mvua ya msituni.

Na si sisi tu tunaolitegemea. Kuna ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, anayekuja Mida kwa mamia. Huyu anazalia pwani za Bahari ya Shamu na Ghuba, Oman ikiwemo, tena anachimba shimo mchangani na kutaga ndani yake. Msimu wa kuzaa ukikaribia anaondoka kurudi kaskazini, karibu wakati ule ule majahazi yaliposubiri kusi yarudi kwao.

Lazima niseme na upande mgumu. Ni rahisi kwa mtu wa mjini kama mimi kusifu msitu. Jirani yake ambaye ndovu amemlia mahindi, au nyani amemalizia muhogo, ukimwambia msitu ndio kisima chake atakutazama tu. Ana haki. Ndio maana nauheshimu mradi wa Kipepeo ulioanza hapo Gede mwaka 1993: wanakijiji wanafuga vipepeo wa msituni, wanauza mabuu yaliyojifunga kwa maonyesho ya ng'ambo. Pale Mida nako kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, na ada ya wageni inasaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani. Si pesa za kutajirisha. Lakini mama anayelipa karo kwa mti uliosimama hamruhusu mtu aje na shoka usiku, na hilo linashinda hotuba kama yangu.

Basi kuhusu Idi. Mwezi ukiandama tunaingia bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Pwani yetu, siku za bamvua, kupwa kwa mchana huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi. Yaani mkishaswali, mkapeana mkono wa Idi, biriani bado iko jikoni, Mida inakuwa imepwa wazi mbele yenu. Nendeni na mtu wa kule. Vaeni viatu, mwamba unakata. Mwambieni awaonyeshe mlilana na mchu, na kila mmoja alambe jani. Mkirudi piteni Gede mchungulie kile kisima. Na msikae sana matopeni, kwa sababu bamvua likigeuka halingoji mtu amalize picha.