KIPIMO KIANZIE USONI MWA MTOTO



Mama anapotoka arobaini, mojawapo ya mambo anayoyatamani ni picha ya mwanawe. Mtoto huogeshwa, hupakwa mafuta, huvikwa kofia nyeupe na kufungwa katika shali jeupe lililonunuliwa kwa akiba ya siku nyingi. Hupelekwa studio, au mpiga picha huitwa nyumbani. Kisha picha inaletwa. Shali limeonekana, hata nyuzi zake zinahesabika. Lakini uso wa mtoto ni kivuli kitupu. Mama hasemi neno. Analipa, anaitia picha katika albamu, na moyoni anasadiki kwamba mwanawe ni mweusi mno kwa kamera.

Imani hiyo ni ya uongo, na wajibu wa kwanza wa kila anayejifunza kuwapiga picha watoto na vijana ni kuing'oa. Kosa si la mtoto, wala si la ngozi yake. Kosa ni la kipimo.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakimjui mtoto wala shali. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vina rangi ya kijivu cha wastani. Kikikutana na weupe mwingi hudhani kwamba mwanga umezidi, nacho huupunguza. Shali likasalimika na uso ukazama. Kinyume chake, uso mweusi ukijaa katika picha mbele ya pazia jeusi, kipimo hudhani kwamba mwanga umepungua, nacho huuongeza mpaka ngozi ikapauka kama iliyomwagiwa majivu. Dawa yake ni moja. Mpiga picha na asogee karibu, apime mwanga usoni mwa mtoto peke yake, kisha aamue kwa akili yake. Akipima uso ulio mweusi sana, apunguze kidogo ili weusi wake ubaki kuwa weusi, wenye mng'ao na uhai. Akilazimika kupima uso na shali kwa pamoja, aongeze. Chombo hutoa shauri. Uamuzi ni wa binadamu.

Upotofu huu una historia, na ni vema ijulikane. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi, yenye sura ya mwanamke mweupe. Kadi hiyo ilijulikana kwa jina la Shirley. Rangi ya mwanamke huyo ikitoka sawasawa, fundi alihesabu kwamba mashine yake imetengemaa. Wazazi Weusi walilalamika kwamba katika picha za shule, pale watoto wa rangi mbalimbali walipokaa pamoja, nyuso za watoto wao zilipotea, yakabaki macho na meno. Waliokuwa wakuu wa kampuni hiyo wameeleza baadaye kwamba waliosukuma filamu irekebishwe ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane tofauti zao za weusi. Sauti ya mfanyabiashara wa kabati ilisikika kabla ya sauti ya mama! Hata katika zama hizi za simu zenye kamera, ilikuwa mwaka 2021 ndipo Google ilipotangaza simu yenye mpango maalumu wa kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi.

Lakini si haki kudhani kwamba Mwafrika alikaa akingoja kuhurumiwa na viwanda. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alikuwa fundi seremala. Mwaka 1935 alipewa na ami yake kamera ndogo ya Kodak Brownie. Alijifunza kwa kupiga, kukosea na kupiga tena, huku akielekezwa na waliomtangulia. Mwaka 1948 alifungua studio yake. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani. Alipendelea mwanga wa jua katika ua wake, na kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu. Mojawapo ya picha zake mashuhuri ni ya mwanamume mmoja, mkubwa wa umbo, aliyempakata mtoto mchanga. Nyuso zote mbili zinasomeka. Ilifanyika katika Mali iliyokuwa bado koloni la Ufaransa, kwa jua, shuka na jicho lililojali.

Basi mwanafunzi asitangulize kununua vifaa vya gharama. Na atafute dirisha moja lisilopigwa na jua kali. Mtoto alazwe karibu nalo, kichwa kikielekea upande wa mwanga ili uteremke kutoka kwenye paji la uso kwenda kidevuni. Mwanga unaopanda kutoka kidevuni huifanya sura ya malaika iwe ya kutisha. Upande wenye kivuli ushikiliwe kitambaa cheupe kiurudishe mwanga. Ukuta wa kijani uepukwe, maana huipaka ngozi rangi yake. Mpiga picha apige magoti au alale chini, macho yake yalingane na ya mtoto, na lenzi ilenge jicho lililo karibu zaidi. Asidai tabasamu la mtoto wa siku kumi. Tabasamu la kuitikia watu huanza yapata wiki ya sita. Mtoto ashibe kwanza, chumba kiwe na joto la kutosha, na saa isitazamwe.

Hapa pana onyo kubwa. Siku hizi zimeenea picha za watoto wachanga waliojishika kidevu kwa viganja kana kwamba ni wazee wa baraza. Aghalabu picha hizo ni mbili zilizounganishwa, na katika kila moja mkono wa mtu mzima ulikuwa umekishika kichwa cha mtoto. Shingo ya mtoto mchanga haiwezi kubeba kichwa chake. Anayeiga bila kujua huhatarisha uhai kwa ajili ya pambo. Katika karne ya 19, kamera zilipohitaji mtu atulie kwa muda mrefu, wapiga picha wa Ulaya na Marekani walimfunika mama kwa kitambaa, naye akamshika mtoto kama kiti kimshikavyo mtu. Leo hakuna sababu ya kumficha mama. Mikono yake ionekane, kwani mikono hiyo nayo ni sehemu ya habari.

Kijana ni mtihani wa namna nyingine. Mtoto mchanga hajui kwamba anatazamwa. Kijana anajua mno. Malick Sidibé, pia wa Bamako, alianza kwa kumtazama bwana wake akifanya kazi, kisha akafungua studio yake mwenyewe. Usiku alizizungukia dansi za vijana, akasafisha filamu, kisha akazitundika picha nje ya studio ili wenyewe waje wajitazame na kuchagua. Picha yake ya mwaka 1963, ya kaka na dada wakicheza mkesha wa Krismasi, imezunguka dunia, na mwaka 2007 alitunukiwa Simba wa Dhahabu mjini Venice. Siri yake haikuwa kubwa. Vijana walimzoea, hawakumwogopa. Hakuwafanya wawe mfano wa umaskini wala wa upotovu, bali aliwaacha wavae walivyotaka na wasimame walivyosimama.

Hilo linafikisha mazungumzo haya penye kiini chake. Mtoto hawezi kujichagulia picha, lakini ndiye atakayeishi nayo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unampa haki ya kusikilizwa na haki ya faragha. Picha iliyotupwa katika mitandao hairudi. Kwa hiyo mpiga picha amwombe ruhusa mzazi, na mtoto anayejua kusema aulizwe yeye mwenyewe; akikataa, kamera ishushwe. Na yule anayemtafuta mtoto mwenye kamasi na tumbo wazi ili amuuze kwa wageni, ajiulize kama angekubali mwanawe apigwe hivyo.

Ndugu wanafunzi, miaka ishirini ijayo yule mtoto wa shali jeupe ataifungua albamu ya mama yake. Atataka kujua alikuwaje siku zile ambazo hawezi kuzikumbuka. Asikute shali. Akute uso wake, mweusi kama alivyozaliwa, ukiwa umepimwa na mtu aliyeinama, akakaribia, akamtazama.