NENO LA KATIBU WA TAWI, YAKOBI: KUUGUA SI KUACHA KAZI



Tumeulizwa: mtumishi akiugua hadi ashindwe kazi, michango yake inapotea? Haipotei.

PSSSF iliundwa 2018 kwa kuunganisha PSPF, PPF, LAPF na GEPF. Mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara, mwajiri 15. Michango hiyo ni ya uzee, lakini pia ya ulemavu na kifo.

Kwa hiyo mwalimu, muuguzi au mtendaji aliyeugua asikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi. Aliyeacha mwenyewe hahesabiwi sawa na aliyestaafishwa kwa ugonjwa. Amwombe mwajiri ampeleke bodi ya madaktari. Bodi ikithibitisha, mwajiri amstaafishe, ndipo madai yaende Mfuko.

Aliyeumia kazini, au ugonjwa wake umetokana na kazi, ana dai la fidia WCF. Atoe taarifa mapema, isipite miezi 12.

Tunzeni barua za ajira, hati za mshahara na vyeti vya hospitali. Mwenye mgonjwa nyumbani atuone ofisi ya tawi kabla hajasaini chochote.

Katibu wa Tawi